Vizuka Waliofuliwa

Jioni moja mwaka jana, mjini Tanga, nilimwekea shangazi yangu filamu fupi ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu zisizo na sauti, iitwayo The Haunted House, iliyotolewa mwezi Februari mwaka 1921, na hata dakika mbili hazijaisha nilikuwa nimekwisha kuanza kuitafsiri. Ni mazoea tuliyoyapata sisi tuliokulia katika vibanda vya video, ambako palikuwa na mtu aliyesimulia juu ya sauti za waigizaji, akiwapa majina ya mtaani na kuwatia vinywani maneno ambayo hawakuyasema kamwe. Mtu aliyelelewa hivyo akiona picha inapita kimya huhisi kana kwamba ana deni la kulipa. Nikaanza: huyu kijana mwenye kofia bapa ni karani wa benki, yule bwana mnene ni mweka hazina, tena ni mwizi. Shangazi akainua kiganja bila kunitazama. "Nyamaza, mwanangu," alisema. "Ninaona."

Aliona kweli, tena aliona kitu ambacho mimi, niliyekwisha kuitazama filamu hiyo mara zisizopungua 10, sikuwa nimekiona. Vizuka walipotokeza katika jumba lile, wamejifunika mashuka meupe kuanzia utosini, hakushtuka wala hakucheka. Alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Amekuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka 30, na macho yake huanza na kitambaa kabla hayajamfikia aliyekivaa. "Mashuka haya yamefuliwa," alisema. "Aliyetoka kaburini hawezi kuwa mweupe hivi. Hawa ni watu, na kwao kuna dobi."

Filamu yenyewe haifichi jambo hilo. Tangu mapema mtazamaji anaelezwa kwamba mweka hazina wa benki, anayechezwa na Joe Roberts, pandikizi la mtu ambalo Keaton alipenda kulitumia kama ukuta wa kujigongea, ndiye kiongozi wa genge la wachapaji wa noti bandia, na kwamba genge hilo limejificha katika jumba kuukuu ambalo limetegwa kila aina ya hila ili watu waamini kuwa lina mizimu na wasilisogelee. Karani wetu anasingiziwa wizi wa benki na kukimbilia humo bila kujua kitu. Wanaingia pia waigizaji wa Faust, ile hadithi ya mtu aliyemwuzia Shetani roho yake, kundi la mabarobaro wa jukwaani walioigiza vibaya kiasi kwamba watazamaji wamewatimua, nao wamekimbia na mavazi yao, Shetani akiwa miongoni mwao. Hapo mambo yote yamekwisha kuwekwa tayari: wapo wanaojifanya wafu, wapo waliojikuta wamevaa kama pepo bila kukusudia kumtisha mtu, na yupo kijana mmoja anayetaka tu mahali pa kujisitiri. Katika jumba zima hakuna maiti hata moja, wala jini, wala roho iliyokosa pumziko.

Kwa msomaji wa Kiswahili shuka jeupe halihitaji maelezo. Sisi tunaijua sanda, na wengi wetu tumewahi kuona ikikatwa. Wazungu nao walifika kwenye picha hiyo kwa njia hiyohiyo, kwa maana kwa karne nyingi huko Ulaya maskini alizikwa akiwa ameviringishwa katika shuka tu, jeneza likiwa ni la wenye uwezo, kwa hiyo mfu aliyerudi alirudi na nguo aliyoondoka nayo. Kufikia wakati wa Keaton sanda hiyo ilikuwa imekwisha kuwa vazi la mzaha, la watoto na la wacheza ngoma za kuigiza, na anachofanya yeye ni kuishusha daraja moja zaidi: anaifanya kuwa sare ya kazi. Shangazi, kwa njia, hakulipenda neno langu. Kwake yeye kizuka ni kwanza mjane aliye edani, mwanamke aliyejitenga na watu kwa muda uliowekwa, na ndipo baadaye kabisa neno hilo humaanisha kile kinachotokea gizani na kumtoa mtu mbio. Aliniuliza mumewe yule wa shuka amekufa lini. Nimeendelea kulitumia neno hilo hapa kwa sababu "mzimu" kwangu ni mkubwa mno; mzimu una ukoo, una mahali pake, una haki ya kutambikiwa. Viumbe wa jumba hili hawana hata jina.

Wana zamu, lakini. Hapo ndipo ninapoona ubora wa filamu hii kuliko nyingine za aina yake. Mara ya kwanza anapokutana na vizuka, kijana yule anaogopa kama mtu yeyote na kukimbia. Kisha wanazidi kuongezeka. Wanatoka mlango huu na kuingia ule, wanakatiza ukumbi kwa haraka ya watu wenye shughuli zao, na yeye amesimama katikati yao. Inafika dakika ambapo hofu inamwisha, wala si kwa sababu amegundua siri yao, bali kwa sababu ameona kwamba njia panda ile haina mwongozaji. Anainua mkono, anawasimamisha hawa, anawapitisha wale, kama trafiki, na vizuka wanatii. Hakonyezi, hatabasamu, amekausha uso kama kawaida yake. Mzaha huu ungeharibika papo hapo kama angeonyesha kwamba anajua ni mzaha. Kinachotuchekesha ni kwamba ametazama jambo la kutisha na kuona ndani yake tatizo la utaratibu, na tatizo la utaratibu lina dawa.

Jumba lenye mizimu ambayo mwishowe ni wezi halikubuniwa na Keaton. Miaka kadhaa nyuma palikuwa tayari na tamthilia ya Marekani iitwayo The Ghost Breaker yenye wazo linalokaribiana nalo, na mwezi Agosti mwaka 1920, miezi michache tu kabla ya filamu yetu, The Bat ya Mary Roberts Rinehart na Avery Hopwood ilifunguliwa katika jiji la New York na kujaza ukumbi kwa muda mrefu sana. Humo pia mna nyumba kubwa, usiku, pesa za benki zilizoibwa na mhalifu aliyejificha. Watu walikuwa na kiu ya mambo hayo, na si vigumu kuielewa. Vita Kuu ilikuwa imekwisha mwaka 1918, na homa ya mafua ya mwaka huohuo ilikuwa imeua watu wengi kuliko mabomu. Kila mtaa ulikuwa na mama aliyetaka kuzungumza na mwanawe. Walijitokeza waaguzi wa kupandisha roho, waliokaa gizani na wateja wao wakigonga meza kwa vidole vya miguu na kuvuta vitambaa vyeupe kwa nyuzi, na Harry Houdini, bingwa wa kujifungua minyororo, alitumia sehemu kubwa ya miaka ya 1920 kuwaumbua mmoja mmoja. Houdini na wazazi wa Keaton walipata kusafiri pamoja katika maonyesho ya kuuza dawa za kienyeji za Kimarekani. Familia ya Keaton ilisimulia kwamba Houdini ndiye aliyempa mtoto wao jina la Buster alipomwona ameanguka ngazini na kuinuka mzima. Wanahistoria wameitilia shaka hadithi hiyo, nami nawaunga mkono, lakini ninakiri kwamba ninaipenda, kwa sababu ya zile ngazi.

Kabla sijafika kwenye ngazi, sina budi kueleza kwa nini nilichagua filamu hii na si ile ya Harold Lloyd, mchekeshaji mwenzake wa wakati huo. Mwaka 1920 Lloyd alitoa Haunted Spooks, ambayo nayo ni fupi, nayo ina jumba la kurithi na jamaa mwenye tamaa anayewatisha warithi ili waondoke. Ina historia ya kusikitisha na ya ujasiri: katikati ya kuipiga, mwezi Agosti mwaka 1919, Lloyd alikuwa katika studio ya picha mjini Los Angeles akipigwa picha za matangazo, ameshika bomu alilodhani ni la kuigizia. Lililipuka. Alipoteza kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kwa muda ilidhaniwa kuwa atakuwa kipofu. Alirudi kuimalizia filamu hiyo, na katika filamu zilizofuata alivaa glavu iliyotengenezwa kuficha pengo, ikiwa ni pamoja na ile ambamo ananing'inia kwenye mshale wa saa ya ghorofani. Kwa mtu kama huyo mtu huvua kofia. Lakini jumba la Haunted Spooks limejazwa watumishi Weusi ambao kazi yao ni moja tu, nayo ni kutetemeka. Magoti yanagongana, macho yanatolewa, mtoto anapakaa unga na kuwa kizuka bila kujua. Ulikuwa ni mzaha uliorudiwa katika filamu za majumba ya kutisha za Marekani kwa miongo kadhaa, na ulisema wazi kwamba woga ni wa watu fulani na ujasiri ni wa wengine. Sikutaka kumwekea shangazi hilo katika jioni yake ya mapumziko.

Haifai, hata hivyo, nimtakase Keaton. Mwaka 1927, katika filamu yake College, alijipaka rangi nyeusi akajifanya mhudumu wa hotelini Mweusi, na sehemu hiyo haichekeshi hata ukiitazama kwa jicho la huruma. Ninachosema ni kwamba katika jumba hili la mwaka 1921 mwoga mkuu ni shujaa mwenyewe, na anaogopa kwa heshima, kama mtu anayetimiza wajibu.

Na kinachomshinda si vizuka. Kinachomshinda ni ngazi. Katikati ya ukumbi kuna ngazi pana, za fahari, za aina inayopandwa na bibi harusi, na wenye jumba wamezitega: mtu akifika karibu na juu, wenzo unavutwa, vidato vyote vinalala kwa mara moja, na ngazi inakuwa mteremko laini unaomrejesha chini alikoanzia. Keaton anapanda. Anashuka kwa makalio. Anapanda tena. Mtego ni uleule, lakini namna ya kushuka hubadilika kila mara, na baada ya muda mtazamaji anaanza kucheka kabla, wakati kijana bado anapanda kwa matumaini, kwa sababu tunajua kitu ambacho mgongo wake haujakijua. Vichekesho vya aina hii, vya kuanguka na kuangushana, jina lake la Kiingereza, slapstick, limetokana na kifaa cha vipande viwili vya mbao ambacho waigizaji wa zamani walikitumia kupigana kikatoa mlio mkubwa bila kuumiza. Mlio mkubwa, maumivu madogo. Ngazi hizi ni kinyume chake: hazina mlio wowote, ni kimya kabisa, na unaona wazi kwamba mtu amedondoka kweli na mifupa yake.

Hilo la kweli lilikuwa ni imani kwa Keaton. Aliiweka kamera mbali kiasi cha kumwonyesha mtu mzima, kuanzia kofia hadi viatu, na hakupenda kuikata picha katikati ya tendo, ili asiwepo wa kusema kwamba palikuwa na mtu mwingine aliyeanguka kwa niaba yake. Mpiga picha wake Elgin Lessley alizungusha mkono wa kamera kwa mwendo sawasawa mno. Mwaka huohuo wa 1921, katika The Play House, waliweza kumweka Keaton mara 9 ndani ya picha moja, wakiurudisha mkanda nyuma na kuupiga upya kila mara, jambo ambalo lingevurugika kama mkono wa Lessley ungechelewa hata kidogo. Fundi wao wa mitambo, Fred Gabourie, ndiye aliyekuwa akijenga nyumba za kuanguka na kuta za kuzunguka. Ukiwafikiria watu hawa watatu pamoja unaelewa kwamba genge la Joe Roberts, na wenzo zake na milango yake ya siri, ni picha ya studio yenyewe. Ni watu wanaojenga vitu vya kuwaangusha wengine na kujificha nyuma ya pazia wasubiri.

Aliyeangushwa alikuwa amezoea. Keaton alizaliwa tarehe 4 Oktoba mwaka 1895 katika kijiji cha Piqua, Kansas, wazazi wake wakiwa safarini na maonyesho, na akiwa bado mtoto mdogo sana alikwisha kuingizwa jukwaani. Onyesho la The Three Keatons, baba, mama na mtoto, lilikuwa la namna moja: mtoto anamsumbua baba, baba anamtupa. Alimtupa kwenye mapazia, kwenye shimo la wapiga muziki, wakati mwingine kwa watazamaji waliozomea. Mgongoni mwa nguo ya mtoto palishonwa mshikio wa sanduku la safari ili ashikike vizuri. Chama cha New York cha kuzuia ukatili kwa watoto kilimfuatilia baba huyo kwa miaka, na ninapoandika haya sijui kwa nini nisiwe upande wa chama hicho. Keaton mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alisisitiza kwamba hakuumizwa na kwamba alifurahia. Katika miaka hiyo aligundua jambo ambalo lilimlisha maisha yake yote: akicheka yeye, watazamaji hawacheki, akikausha, ukumbi unavunjika. Uso ule ambao baadaye waandishi waliuita wa jiwe ni uso wa mtoto aliyejifunza kutua.

Shangazi alilitambua hilo bila kuambiwa habari za Kansas. "Huyu," alisema Keaton aliposhuka ngazi kwa mara ya tatu au ya nne, "amepigwa sana udogoni." Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaambiwa ninyamaze.

Nusu ya kwanza ya filamu, ile ya benki, hutajwa kidogo na watu wanaoiandikia, labda kwa kuwa haina mizimu, nami nadhani wanaikosea. Karani anamwaga gundi. Gundi inafika kwenye noti, noti zinafika kwenye vidole vyake, na kuanzia hapo pesa hazitaki kutoka mkononi mwa mtu yeyote: zinamganda karani, zinawaganda wateja, zinaganda kwenye kaunta. Majambazi wanapoingia na kuamuru mikono ipande juu, wanakuta benki ambayo utajiri wake umekataa kuibwa. Ni mzaha aliokuwa ameuanza miaka minne nyuma. Katika filamu yake ya kwanza kabisa, The Butcher Boy ya mwaka 1917, aliyocheza chini ya mchekeshaji Roscoe Arbuckle, Keaton anaingia dukani kununua shira nzito ya miwa, sarafu yake inazama ndani ya kopo la shira, kofia inamganda kichwani na viatu vinaganda sakafuni. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku zile za mwanzo kilichomvutia zaidi kilikuwa kamera, akataka kujua ndani yake mna nini. Ukizitazama filamu hizi mbili moja baada ya nyingine utaona kijana akijifunza kazi: kwenye shira anachekesha kwa kunaswa peke yake, kwenye gundi amewanasa watu wote na uchumi wao. Ukipenda unaweza kusema pia kwamba filamu nzima inahusu vitu vinavyogoma kushika na vinavyogoma kuachia. Benki kila kitu kinaganda. Jumbani kila kitu kinateleza.

Kuna jambo moja kuhusu ngazi ambalo huniharibia kicheko kidogo kila ninaporudi. Katika mwaka huo wa 1921 Keaton alianza kupiga filamu nyingine ya nyumba yenye mitambo, The Electric House, ambamo safari hii ngazi zilikuwa za umeme, za kumpandisha mtu bila yeye kutembea. Soli ya kiatu chake kirefu cha kuchekeshea ilinaswa, na kifundo cha mguu kikavunjika. Filamu iliachwa. Alitengeneza upya filamu ya jina hilo mwaka 1922, baada ya mguu kupona, na katikati alilazimika kubuni kazi zisizohitaji kukimbia sana, ndiyo sababu moja ya zile hila za kamera za The Play House. Mtu aliyeshuka ngazi za wezi kwa makalio mara zote zile bila mkwaruzo aliangushwa na ngazi zake mwenyewe, zilizojengwa na marafiki zake, zikifanya kazi iliyokusudiwa.

Siyo kwamba The Haunted House haina kasoro. Ina nyingi. Virginia Fox, aliyecheza binti wa mkubwa wa benki, hakupewa lolote la maana la kufanya, naye alikuwa mwigizaji aliyeweza zaidi ya kushangaa mlangoni. Kundi la Faust linaletwa kwa haraka, kama wageni walioalikwa saa ya mwisho kwa sababu chakula kimezidi, na kuna dakika kadhaa ambapo watu wanaingia na kutoka bila ya mimi kukumbuka tena nani anamkimbia nani. Katika mikanda miwili, yaani takriban dakika 20, Keaton ameweka hadithi mbili ambazo zingetosha filamu mbili, na mshono kati ya benki na jumba unaonekana. Nimelitumia neno hilo makusudi, kwa maana shangazi aliuona pia na kuguna. One Week, aliyoitoa mwezi Septemba mwaka 1920, kuhusu nyumba ya kuunganisha iliyounganishwa kombo, ni kazi bora zaidi, imekaza zaidi, na mtu anayetaka kuanza na Keaton aanze na hiyo.

Pana pia viunzi vya mifupa viwili ambavyo vinaokota viungo vya mtu, mguu hapa, kiwiliwili pale, na kuvipachika hadi mtu anakamilika na kuwa hai mbele ya macho ya karani. Tendo hilo haliwezi kufanywa na genge la wachapaji noti, hata wawe na wenzo wa namna gani. Limevunja sheria ya jumba lenyewe. Zamani lilinikera, kwa sababu mimi ni mtu wa kutaka hesabu zitoke sawa. Siku hizi nadhani Keaton hakuweza kujizuia. Majumba ya kutisha yalikuwa katika sinema tangu Georges Méliès alipopiga lake huko Ufaransa mwaka 1896, la dakika chache tu, lenye popo anayegeuka Shetani na mifupa inayotokeza kutoka hewani, na kila aliyekuja baada yake alijua kwamba kamera yenyewe ni mashine ya kutokeza vizuka. Ukiwa nayo mkononi utaacha vipi? Alijiruhusu mara moja, akarudi kwenye mbao na bawaba.

Mara ya pili alijiruhusu mwishoni, na hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi na shangazi. Karani amepigwa kichwani, amezimia, na anaota kwamba amekufa. Mbele yake kuna ngazi ndefu ajabu, nyeupe, zinazopanda kupita malaika hadi mawinguni. Anazipanda zote, kwa mwendo wa mtu ambaye hatimaye amepata ngazi za kuaminika. Juu kabisa yuko mzee mlinzi wa lango. Mzee anamsikiliza, anamkataa, na ngazi za peponi zinalala. Anateremka njia yote aliyoipanda, anapita mawingu, anapita usawa wa dunia, hadi chini kabisa, ambako anapokewa na Shetani halisi, ndugu yake yule wa Faust. Nilijua inakuja. Nilikuwa nimefikiria hata kuisimamisha filamu kabla ya hapo na kusema imekwisha, kwa sababu shangazi ni mtu wa sala tano na sikujua atalichukuliaje lango la pepo kuwa na wenzo sawa na pango la wezi.

Alitazama kijana akipanda. Aliona, kama sisi sote, kwamba zile si ngazi nyingine bali ni zilezile, na nilimwona akiona, kwa sababu ushungi ulikwisha kuwa mdomoni kabla mzee hajafanya lolote. Vidato vilipolala alisema "Astaghafirullahi" kwa sauti ya chini, akacheka hadi akakohoa, nikamletea maji. Kisha akafuta macho, akaniuliza kama kile kitufe cha kurudisha nyuma kinafanya kazi.

"Nirudishie pale anapoanza kupanda," alisema. "Na usiseme kitu."